Vipimo vya Julai: Maisha ya Hezroni Anyisile Mwakisyala

Hezroni Anyisile Mwakisyala alizaliwa Jumatano, tarehe 8 Aprili 1959, kijijini kwao katika kata ya Ikolo, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Anyisile Mwakisyala na mama Tupokile. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimefunika njia, na mkunga aliletwa kwa mtumbwi hadi kwenye kizingiti cha nyumba. Mama yake alisimulia kwamba mtoto hakulia mara moja. Aligeuza kichwa upande ambako maji yalikuwa yakipita chini ya migomba, akatulia kidogo, ndipo akalia.

Alisoma shule ya msingi Ikolo kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha sekondari wilayani Rungwe, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1977. Waliosoma naye wanakumbuka kwamba alitambua baiskeli ya kila mwalimu kwa mlio wa mnyororo kabla haijatokea kwenye kona, na bweni zima lilimtegemea kwa hilo. Mwaka 1978 alikwenda Dar es Salaam kusomea ufundi wa redio, akarudi Mbeya mwaka 1981 na cheti chake na kuanza kazi katika Shirika la Posta na Simu.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na Naomi, binti wa kutoka Mwaya, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Siku ile kipaza sauti cha kanisa kilivuma vibaya kiasi kwamba mchungaji hakusikika. Bwana harusi alivua koti, akaingia nyuma ya madhabahu, akalala chali kwenye vumbi huku Aliko, mdogo wake bibi harusi, akimmulikia tochi. Ibada ilisimama kwa robo saa. Alitoka na utando wa buibui kichwani, akasema "sasa tunaweza," na watu wakacheka mpaka mchungaji naye akacheka. Mama Naomi husema hakuolewa na mwanamume, aliolewa na masikio. Mungu aliwajalia watoto watatu: Kisa, Godwin na Ezekiel. Aliko alikuwa mjomba wao, na kwa marehemu alikuwa zaidi ya shemeji. Kila alipopata likizo walikuwa pamoja ziwani.

Mwaka 1994 alihamia katika ofisi ya serikali inayosimamia masafa ya redio, akawa mkaguzi wa kanda yetu mpaka alipostaafu. Nyumbani kazi hiyo haikueleweka. Mama yake alipomuuliza serikali inampa mshahara kwa kufanya nini hasa, alimpeleka shambani, akamwonyesha majaruba ya mpunga.

"Mama, hewani nako kuna majaruba," alimwambia. "Polisi ana lake, kanisa lina lake, ndege, simu, mashua, kila mmoja ana jaruba lenye namba. Serikali ndiyo inakata na kugawa. Mimi napita kuona kama kuna mtu analima kwa mwenzake."

"Na yakiisha yote?"

"Yanagawiwa mara mbili. Mmoja anapewa huku, mwingine anapewa mbali, asikoweza kusikika. Namba moja, watu wawili, na wala hawajuani."

Mama Tupokile aliyatazama maji yaliyosimama kati ya matuta. "Na mafuriko yakija?"

"Hewani hakuna mafuriko, mama."

Maneno hayo tunayaandika kwa agizo lake. Yafuatayo pia aliagiza yaandikwe, na yasomwe mbele ya watu wa Mwaya na Ikombe.

Mwanzoni mwa mwaka 1998 kampuni moja ya magogo, iliyoko kilomita mia na themanini kusini mwa hapa, iliomba masafa kwa ajili ya redio zake za upepo, zile za kuitana kazini. Namba iliyopendekezwa ilikuwa ileile iliyotengwa kwa mashua za upande huu wa kaskazini. Kabla ya kuigawa mara mbili, utaratibu ulitaka mkaguzi akae ufukweni na kipokezi, asikilize mtambo wa majaribio wa kampuni, aandike kama sauti zake zinafika. Safari ilipangwa Novemba. Marehemu aliomba ifanyike Julai. Julai mpunga ulikuwa unavunwa, mama yake alikuwa amefiwa na mume mwaka uliotangulia, barua ya kumwita ilikuwa imetoka nyumbani, na safari ya kikazi ingemweka nyumbani siku nne bila kugusa likizo. Wengi wetu tunaofanya kazi mjini tumewahi kuomba hivyohivyo.

Kwa siku nne asubuhi alibeba miganda ya mpunga, na alasiri aliketi Mwaya na kipokezi magotini. Upepo wa kusini, unaovuma toka Mei hadi Agosti, ulikuwa unakoroga hewa juu ya ziwa lote. Hakusikia kitu. Tarehe 17 Julai 1998 aliandika maneno mawili, "Hakuna mwingiliano," akatia sahihi.

Lakini ziwa la Julai si ziwa la Novemba. Novemba upepo unakufa. Joto linalala juu ya maji, nzi wa ziwani wanapanda kama moshi wa nyumba inayoungua, na milima ya Livingstone inaonekana karibu kuliko ilivyo. Katika hali hiyo mawimbi ya redio hayapandi yakapotea. Yanabanwa kati ya joto na maji, yanatambaa usoni mwa ziwa mpaka yafike mahali ambapo hakuna aliyeyategemea. Na utulivu huohuo ndio unaotangulia dhoruba. Kila mtoto wa ufukwe huu anaujua. Marehemu naye aliujua tangu akiwa mdogo. Hakuupima.

Kwa miaka mingi halikutokea jambo, kwa kuwa mashua zenye redio zilikuwa chache. Mwaka 2016 kamati ya ufukwe wa Mwaya ilianza kutoa tahadhari ya upepo kwa redio, na mfanyabiashara Muksini wa Bondeni akaleta redio ndogo za mkononi ambazo wenye mashua wengi walizichukua. Aliko alikuwa wa kwanza kuchukua.

Jumatatu, tarehe 3 Desemba 2018, mashua ya Aliko iliondoka Ikombe saa nane mchana ikiwa na vyungu vya kuuza na watu kumi na mmoja, yeye mwenyewe akiwemo. Saa tisa na dakika kumi, Mwaya ilitangaza upepo mara tatu. Mashua wakati huo ilikuwa chini ya milima, mahali ambapo sauti ya Mwaya hufika kwa kunong'ona. Waliokolewa wawili. Tisa walikufa, na Aliko alipatikana ufukweni Matema siku ya pili.

Kwenye msiba, mama mmoja mfinyanzi wa Ikombe, mmoja wa wale wawili waliookolewa, aliketi mkekani akasimulia.

"Redio ilikuwa inasema vizuri," alisema. "Ndiyo maana hatukuwa na wasiwasi. Mtu alikuwa anaita magari."

Marehemu aliyekuwa amekaa na wanaume upande wa pili alinyanyuka. "Magari gani, mama?"

"Sijui, tata. Gari la nne, panda mizani. Gari la tano, subiri. Sauti ya taratibu tu, kama ya mtu aliyeshiba. Aliko akacheka, akasema hawa madereva wamepotea njia, wanatafuta mizani ziwani. Halafu maji yakawa meusi."

Kesho yake saa tisa alasiri, ziwa likiwa limetulia kama mafuta, marehemu alishuka Mwaya peke yake, akafungua kipokezi kwenye namba ya mashua. Sauti ilikuwepo, safi kama mtu aliyesimama kando yake. Gari la pili, panda mizani. Alisikiliza mpaka betri ikaisha. Kisha akarudi kwa mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele wa waombolezaji.

"Mama Kisa, ile karatasi niliandika mimi."

"Karatasi gani?"

Alimweleza yote. Mama Naomi aliendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki mtupu.

"Ni mwaka ule wa mavuno?"

"Ndiyo."

"Ile barua ya kukuita uje Julai," alisema, "niliandika mimi."

Hawakulaumiana, siku hiyo wala baadaye. Watoto wao waliyajua haya miaka saba baadaye tu, baba yao alipokuwa amelala kitandani.

Kabla mwezi haujaisha marehemu aliiandikia ofisi yake barua ya kuifuta taarifa yake ya mwaka 1998. Jibu lilikuja kwa adabu, na lilikuwa sahihi. Kampuni ilikuwa na leseni halali. Taarifa ya mkaguzi haifutwi kwa barua, inafutwa kwa vipimo vingine vya misimu kamili. Na namba mpya ya mashua, kwa kuwa ziwa hili lina nchi jirani, ingepaswa kukubaliwa na jirani kwanza, isije ikavamia watu wa ng'ambo. Masharti hayo aliyafahamu kuliko aliyemwandikia. Alikuwa ameyafundisha kwa vijana wa ofisi miaka kumi na mitano. "Masafa hayagawiwi kwa huruma," aliwaambia. "Yanagawiwa kwa vipimo."

Alistaafu Aprili 2019. Oktoba ya mwaka huo alihamia Mwaya na mkewe, akaanza kupima. Kila siku toka Oktoba hadi mvua zilipokolea, alikaa ufukweni kuanzia saa sita mchana, na kipokezi, kipimajoto na daftari. Aliandika saa, joto, hali ya maji, na idadi ya magari yaliyoitwa mizani. Wavuvi walimpa jina la Babu Mizani, naye aliitika.

"Mugonile, Babu Mizani. Leo magari mangapi?"

"Saba."

"Yamebeba nini?"

"Ukitoka sasa hivi yatakubeba wewe."

Muksini alipokuja kumwona alimkuta amejifunika kanga ya mkewe kichwani kwa jua. "Mzee Hezroni, watu wakistaafu wanafuga kuku," alimwambia. "Wewe umefuga kelele."

"Kuku wangu hawa hawafi, Muksini."

Mwaka 2021 wavuvi waliacha kucheka. Kati ya siku kumi na tisa alizoisikia mizani msimu ule, kumi na nne zilifuatwa na dhoruba kabla jua halijazama. Watu walianza kumpigia simu kabla ya kusukuma mitumbwi. Hawakuuliza hali ya hewa tena. Waliuliza, "Tata, mizani kimya?" Akisema kimya, walitoka. Akisema inaita, walivuta mitumbwi mchangani wakakaa kusubiri ziwa ligeuke, na kwa kawaida liligeuka.

Februari 2022 alisafiri siku mbili kwa mabasi kwenda kumtafuta mwenye ile sauti. Alimkuta kwenye kibanda cha mizani, mtu mnene mpole wa makamo, ambaye aliinuka akampisha kiti mgeni.

"Sauti yako inafika kwetu," marehemu alimwambia.

"Kwenu wapi, mzee wangu?"

"Mwaya. Kyela."

Yule bwana alicheka kwa nia njema. "Mzee, redio hii haifiki vizuri hata pale getini. Dereva namwita mara tatu ndiyo anasikia."

Marehemu alifungua daftari, akamsomea: tarehe 22 Novemba, saa tisa na robo, gari la sita lilirudishwa kwa kuwa kamba zilikuwa zimelegea. Tarehe 30, ulikohoa sana, ukamwomba mtu akuletee chai. Yule bwana aliacha kucheka. Aliizima redio yake, akaitazama, akaiwasha tena kwa sababu gari lilikuwa linasubiri. Walipoagana, akiwa ameshaelezwa habari ya mashua, aliuliza waliokufa ni watu wangapi. Marehemu alimtajia majina tisa, akamwambia kosa si lake.

Mwaka 2023 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi. Tarehe 9 Novemba 2023 alipelekwa kwa daktari, akaambiwa moyo umechoka. Alasiri ile hakukuwa na mtu ufukweni. Ndugu wawili wa Mwaya waliokwenda kutega nyavu walimpigia simu, ikaita bila kupokelewa, wakachukulia kwamba kimya ni kimya. Hawakurudi. Ukurasa wa siku hiyo kwenye daftari una neno moja tu: "Sikuwepo." Kuanzia hapo hakukubali kulazwa katika miezi ya joto, na daktari aliyebishana naye sana ndiye aliyempa ruhusa ya mwisho kwa kuandika kwamba mgonjwa ana shughuli.

Novemba 2024 mhandisi Tumaini, mmoja wa vijana aliowafundisha, alikuja Mwaya na vyombo vya ofisi. Alikaa wiki tatu kwenye kigoda kando yake. Vyombo vipya na daftari la zamani vilipatana kwa dakika. Siku ya kuondoka alimwambia, "Mwalimu, vipimo vyako vimesimama," na marehemu akamjibu, "Ndaga, mwanangu, asante. Sasa simamisha na wewe." Tumaini alilipeleka shauri hilo mpaka kwenye kikao na jirani wa ng'ambo.

Oktoba mwaka huu alirudi na barua. Marehemu alikuwa hainuki tena. Alisomewa akiwa amelala: taarifa ya Julai 1998 imefutwa, mashua za upande wa kaskazini zimetengewa masafa mapya yasiyogawiwa mtu mwingine ziwani kote, na redio zote zitabadilishwa kuanzia tarehe 1 Julai 2026.

"Julai?" aliuliza.

"Ndipo mwaka mpya wa fedha unapoanza, Mwalimu. Kabla ya hapo hakuna fungu la kubadilisha redio."

"Kati ya leo na Julai kuna msimu mmoja."

"Ndiyo."

"Sawa. Nani anakaa?"

Mama Naomi alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda kulichukua daftari, akauliza kipimajoto kinasomwa upande gani.

Tangu siku hiyo alikaa yeye. Marehemu alimsubiri kila jioni, naye alimsomea ukurasa. Alhamisi, tarehe 20 Novemba 2025, alipumua kwa shida tangu alfajiri, na Kisa alimwomba mama yake asiondoke. Saa sita mchana marehemu alimgeukia mkewe akamwambia, "Mama Kisa, umechelewa." Mama Naomi alifunga kanga, akashuka ufukweni. Hezroni aliaga dunia saa tisa na nusu alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Kisa. Godwin alipokimbia kumwita mama, alimkuta anaandika. Alimaliza mstari, akauliza saa ngapi, akaiandika nayo, kisha akapiga simu tatu kwa wavuvi waliokuwa wanajiandaa kutoka, kabla ya kurudi kumwona mumewe. Magari yalikuwa manne. Jioni ile upepo uliezua mapaa mawili Mwaya, na hakuna mtumbwi uliokuwa majini.

Marehemu ameacha mjane, Naomi, watoto watatu, Kisa, Godwin na Ezekiel, wajukuu saba, mdogo wake, Ambwene, na dada zake wawili wa Ikolo. Ameacha pia watu wa ufukwe huu wote, wanaoendelea kutumia namba ileile mpaka Julai.

Familia inawashukuru wote walioshiriki, na kwa namna ya pekee ndugu zetu wa Ikombe, mliokuja kwa maji asubuhi ya leo kumzika mtu ambaye mlikuwa na haki ya kutokuja. Mama Naomi ametoka kwenye kipokezi saa nne, kabla ya ibada. Anaomba tuwaambie kwamba mizani inaita, na kwamba ziwa mnaloliona limetulia vile lisiwadanganye. Mashua zenu zimevutwa juu, kamba zimekaguliwa na Ezekiel. Mikeka ipo, chakula kipo, na hakuna atakayeondoka leo.

Hezroni, umesikiliza vya kutosha. Bwana akupe usingizi mzito. Kuanzia kesho saa sita mchana anakaa Mama Kisa, na siku asiyoweza, atakaa Kisa.